Simu ya abiria na mitambo ya ndege: jibu kwa msomaji wa Mwanza

Swali: Shikamoo fundi. Nafanya biashara ya nguo, napanda ndege Mwanza–Dar mara kwa mara, na mara chache naenda Dubai kufuata mzigo. Kila safari tunaambiwa tuzime simu au tuziweke kwenye hali ya ndegeni. Nimewahi kusahau yangu kwenye mkoba ikiwa hewani safari nzima, na tukatua salama. Kwenye ndege ya Dubai watu walikuwa wanachati angani bila kificho. Halafu nikapanda kindege kidogo kwenda Mafia, rubani mwenyewe akageuka akasema hataki hata simu moja iliyowashwa. Nani mkweli hapa? Simu inaivuruga ndege au haivurugi? Kama inavuruga, mbona hawazikusanyi mlangoni? Na je, ninaweza kufungua ramani ya simu dirishani nione tumefika wapi?

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Mhudumu wa ndege ya Mwanza, shirika lililokupeleka Dubai na rubani wa Mafia wote wamekuambia kweli, kila mmoja kuhusu ndege yake. Kazi yangu ni vifaa vya elektroniki vya ndege: redio, vyombo vya kuongozea, na nyaya zinazoviunganisha. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jibu fupi la swali hili huwatisha watu bure au huwafanya wapuuze jambo ambalo lina msingi.

Nianze na linalokutia wasiwasi zaidi. Simu iliyosahaulika kwenye mkoba haiiangushi ndege kubwa. Miaka yote ambayo watu wamepanda na simu zao, hakuna ajali ya ndege kubwa ya abiria ambayo uchunguzi rasmi ulithibitisha kwamba chanzo chake ni simu ya abiria. Ila kutua kwenu salama siku ile hakuonyeshi kwamba simu yako haikufanya lolote. Usumbufu wa aina hii ukitokea, abiria haoni kitu. Rubani ndiye anayesikia mkwaruzo masikioni, au anaona mshale wa chombo ukicheza kidogo kisha ukatulia. Mara nyingi hajui umetoka wapi, anaendelea na kazi yake, na nyinyi huko nyuma mnaletewa juisi.

Sisi tunaozitunza ndege hatujiulizi kama ndege itaanguka. Tunajiuliza kama tunaweza kuthibitisha, kabla ndege haijaondoka, kwamba hakuna chombo hata kimoja kitakachosoma uongo wakati rubani hana kingine cha kukitegemea. Mawingu yameshuka, mvua inapiga, uwanja hauonekani, na mshale mmoja tu ndio unaomwambia yuko juu au chini ya njia yake. Mabishano yote kuhusu simu yanaishia kwenye dakika chache kama hizo.

Sasa tuangalie mitambo yenyewe. Ndege inategemea sana kusikiliza. Juu na chini ya mwili wake kuna antena nyingi, na kila moja inasikiliza masafa yake, kama redio iliyowekwa kwenye stesheni yake. Mazungumzo na waongoza ndege yako kati ya megahezi 118 na 137. Chini kidogo ya hapo, kuanzia 108, kuna vituo vya ardhini vinavyoitwa VOR, vinavyomwonyesha rubani yuko upande gani wa kituo. Humo humo kuna nusu ya mfumo wa kuongoza ndege kutua uitwao ILS, ule unaomweka rubani katikati ya njia ya kurukia. Nusu ya pili, inayomwonyesha mteremko wa kushukia, iko karibu na megahezi 330. GPS iko 1575. Kifaa kinachopima urefu wa ndege kutoka ardhini kwa kupiga wimbi chini na kulisubiri lirudi, ambacho tunakiita altimita ya redio, kinafanya kazi kati ya gigahezi 4.2 na 4.4 (gigahezi moja ni megahezi 1,000).

Mawimbi yanayofika kwenye baadhi ya antena hizi ni dhaifu mno. Satelaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, na nguvu inayofika kwenye antena ni chini ya sehemu moja ya trilioni ya miliwati moja. Simu yako ikituma kwa 4G inaweza kutoa hadi miliwati 200. Simu ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kufikia wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi. Ni sawa na kujaribu kumsikia mtu anayenong'ona ng'ambo ya pili ya soko la Kariakoo huku jirani yako anauza kwa spika.

Kinachotuokoa ni kwamba jirani huyo anapiga kelele kwa masafa mengine. Vipokezi vya ndege vina vichujio vinavyokataa kila kitu kisicho cha masafa yao, antena ziko nje ya bati la ndege, na simu haina ruhusa ya kutuma kwenye masafa ya usafiri wa anga. Simu nzima, iliyotengenezwa na kupimwa ipasavyo, inabaki kwenye eneo lake kwa kiasi kikubwa.

Nasema kwa kiasi kikubwa kwa sababu kila kifaa cha elektroniki huvuja kidogo nje ya masafa yake. Simu ikiwa mpya, kiwango cha uvujaji huo kimewekewa mpaka na sampuli yake imepimwa maabara. Baada ya hapo hakuna anayeipima tena. Imeanguka kwenye sakafu, imefunguliwa na fundi wa mtaani, kioo kimebadilishwa, kingao cha ndani hakikurudishwa, na imechomekwa kwenye chaja ya bei ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Ndege ya abiria 180 inabeba vitu zaidi ya mia mbili vya namna hiyo, na hakuna mhandisi anayeweza kutia sahihi akisema anajua vyote vinafanya nini. Sheria za simu ndegeni zilizaliwa kutokana na hali hiyo ya kutojua.

Na hazikuanzia kwenye simu. Mwezi Mei 1961 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipiga marufuku redio ndogo za FM ndani ya ndege zinapoongozwa kwa VOR. Watu wengi hushangaa: redio inapokea tu, inawezaje kusumbua? Redio ya FM, ili ipokee, hutengeneza wimbi lake ndani, kwa kawaida megahezi 10.7 juu ya stesheni unayoisikiliza. Ukiweka stesheni ya 102.0, ndani ya redio yako linazaliwa wimbi la 112.7, na hapo ni katikati kabisa ya masafa ya VOR. Redio za zamani zilivujisha wimbi hilo bila aibu. Kwa hiyo abiria aliyekuwa anafurahia muziki wake alikuwa, bila kujua, anarusha matangazo juu ya chombo cha kuongozea ndege. Mwaka 1966 sheria ilipanuliwa kwa vifaa vingine, na vichache tu vikasamehewa: vifaa vya kusaidia kusikia, vya kurekebisha mapigo ya moyo, vinasa sauti na mashine za kunyolea ndevu za umeme.

Hiyo ni njia ya antena. Iko njia ya pili, ya nyaya. Ndege ina kilomita nyingi za nyaya, na waya wowote mrefu unaweza kuokota wimbi lililo karibu nao na kulipeleka mahali lisikotakiwa. Hapa ndege kubwa za leo zina kinga ya kutosha, na hoja hii naipa uzito mkubwa. Ndege hupita karibu na rada zenye nguvu na minara ya utangazaji, na hupigwa na radi. Vifaa vyake muhimu hupimwa dhidi ya mawimbi ya mamia ya volti kwa mita (kipimo cha ukali wa wimbi pale linapokifikia kifaa), na zaidi ya hapo kwa mapigo ya rada. Simu ya wati 2 iliyo umbali wa mita kumi kutoka kwenye kifaa inatoa chini ya volti 1 kwa mita. Kifaa kilichostahimili rada ya jeshi hakitishwi na hiyo.

Lakini sogeza simu hiyo hiyo ifike sentimita 30 kutoka kwenye kifaa au nyaya zake, na namba inaruka hadi volti 30 kwa mita. Mwaka 2003 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa mezani kwa vifaa vya ndege vilivyopitishwa kwa viwango vya zamani. Juu ya volti 30 kwa mita, dira iliganda au ikapitiliza, chombo cha VOR kilikosea hadi nyuzi 5, na kelele zikaingia kwenye sauti ya redio. Weka majaribio hayo akilini, tutayarudia tukifika kwenye kindege chako cha Mafia.

Kwa ndege zinazoruka kila siku ushahidi haujanyooka, na sitaki kukuficha hilo. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilikusanya matukio 75 ya kati ya 2003 na 2009 ambayo marubani waliyahusisha na vifaa vya abiria. Marubani hawa si watu wa kubuni mambo: chombo kilicheza, wahudumu wakapita wakizimisha vifaa, chombo kikatulia. Tatizo ni kwamba ukirudi kulitafuta tukio lile lile maabara, hulipati. Mwaka 1995 marubani wa Boeing 737 walihisi kompyuta ya abiria ndiyo iliyokuwa ikitoa otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, kazini. Boeing walikwenda mbali hadi kuinunua kompyuta ile ile kutoka kwa abiria na kuipima. Hawakuweza kulirudia tukio. Mimi sichukulii kushindwa huko kama uthibitisho kwamba hakuna kilichotokea. Usumbufu wa redio unategemea kiti gani, waya gani umelegea, masafa gani yamewekwa siku hiyo. Ukibadilisha kimoja unatoweka.

Yapo mawili ambayo hayakutoweka. La kwanza ni la kusikitisha. Tarehe 6 Juni 2003, ndege ndogo aina ya Piper Chieftain ilianguka ikikaribia kutua Christchurch, New Zealand, usiku na kwenye ukungu. Watu 8 kati ya 10 walikufa, rubani akiwa mmoja wao. Uchunguzi ulionyesha rubani alishuka chini ya njia yake bila kufuatilia urefu wake inavyotakiwa. Ulionyesha pia kwamba simu yake mwenyewe ilikuwa hewani, kwenye maongezi, katika dakika tatu za mwisho, na wachunguzi wakaandika kwamba ingeweza kuvuruga chombo cha mteremko wa kushukia. Hawakusema ndiyo chanzo, walisema ingeweza. Angalia ilikuwa wapi: chumba cha rubani, karibu kabisa na vyombo.

La pili lilitokea ardhini, hakuna aliyeumia. Mafundi walipokuwa wakifunga na kupima Wi-Fi ndani ya ndege, vioo vya maonyesho vya marubani vya aina fulani kwenye Boeing 737 na 777 vilizimika kwa muda vilipopigwa na mawimbi ya majaribio. Ni vioo vinavyoonyesha mwendo, urefu na mwelekeo wa ndege. Mwaka 2014 FAA iliamuru vibadilishwe ndani ya miaka mitano kwenye ndege zaidi ya 1,300 zilizosajiliwa Marekani. Baadhi ya mashirika yalipinga, yakisema halijawahi kutokea angani. Mimi naona mamlaka ilikuwa sahihi, kwa sababu udhaifu uliojulikana haungojewi ujionyeshe ukiwa na watu ndani.

Sasa kwa nini sheria zikalegezwa? Kwa sababu mashirika na watengenezaji walikubali kufanya kazi ya kupima. Tangu 2007 kuna kiwango cha kutengeneza ndege inayostahimili vifaa vya abiria tangu mwanzo. Kwa ndege zilizokwishatengenezwa, wahandisi hurusha mawimbi ndani ya kabini kwa nguvu kubwa kuliko ya simu, huku wenzao wakitazama kila chombo na kusikiliza kila redio. Ndege ikipita, shirika lina ushahidi mkononi badala ya matumaini. Tarehe 31 Oktoba 2013 FAA iliruhusu vifaa vya abiria vitumike tangu mlangoni hadi mlangoni, vikiwa kwenye hali ya ndegeni. Wakala wa Ulaya, EASA, walifuata mwaka huo huo, na Septemba 2014 wakaenda mbele zaidi: shirika lililoipima ndege yake linaweza kuruhusu hata simu iliyo hewani. FAA ilibakiza jambo moja ambalo abiria wengi hawalijui. Katika safari chache, takriban asilimia 1, ambapo ndege inatua pasipo kuonekana vizuri, marubani wanaweza kuagiza vifaa vyote vizimwe. Siku ukisikia tangazo hilo, zima kabisa, hata kama umezoea kuchati mpaka magurudumu yaguse chini.

Nije kwenye safari yako ya Dubai. Waliokuwa wanachati huenda walitumia Wi-Fi ya ndege, simu zao zikiwa kwenye hali ya ndegeni, na Wi-Fi inatoa nguvu ndogo kwa masafa yaliyo mbali na vyombo nilivyovitaja. Lakini yapo mashirika yanayoruhusu simu zenyewe zipige. Emirates walianza tarehe 20 Machi 2008 kwenye Airbus A340 kutoka Dubai kwenda Casablanca. Ndani ya ndege kunawekwa mnara mdogo wa simu, na mnara huo unaunganishwa na dunia kwa satelaiti.

Watu wakisikia hivyo hudhani usumbufu umeongezeka, kumbe umepungua. Simu hupandisha au kushusha nguvu yake kulingana na umbali wa mnara. Mnara ukiwa mbali, simu inapaza sauti. Mnara ukiwa juu ya kichwa chako, simu inaambiwa ishushe hadi kiwango chake cha chini kabisa. Kwa GSM, yaani 2G, ya megahezi 1800 tofauti hiyo ni kutoka wati 1 hadi miliwati 1. Simu iliyosahaulika kwenye mkoba, ndani ya ndege isiyo na mnara, ndiyo yenye kelele zaidi: inasikia minara ya chini kwa taabu, inajaribu kujisajili kwa nguvu zake zote, inapoteza, inaanza tena. Ndiyo maana huenda ulipofika ulikuta chaji imeshuka sana. Mitambo ya namna hii huwashwa ndege ikiwa juu ya mita 3,000 tu, na rubani anaweza kuizima akitaka.

Kuna sababu nyingine ya katazo ambayo haihusu ndege hata kidogo, na inachanganywa sana na hii. Mwaka 1991 tume ya mawasiliano ya Marekani ilikataza simu za mkononi kutumika ndege ikiwa hewani, kwa kulinda minara ya chini. Ukiwa ardhini, simu yako inaonwa na minara michache. Ukiwa juu, hakuna nyumba wala kilima cha kuzuia, inaonwa na minara mingi kwa wakati mmoja, na kwa mwendo wa ndege inahama kutoka mnara hadi mnara kabla mtandao haujamaliza kuipokea. Novemba 2020 tume hiyo ilifunga pendekezo la kuliondoa katazo hilo, likabaki. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "simu zimekatazwa Marekani, basi ni hatari kwa ndege," amechukua sheria ya mtandao akaifanya ya usalama wa ndege.

Huenda pia umesikia habari za 5G. Hapo shida haikuwa simu za abiria, ilikuwa minara karibu na viwanja. Januari 2022 kampuni za simu Marekani zilianza kuwasha 5G kwenye eneo jipya walilopewa, la gigahezi 3.7 hadi 3.98, na altimita ya redio, kama nilivyosema, inaanzia 4.2. Altimita za zamani zilikuwa na vichujio dhaifu kwa sababu zilipotengenezwa jirani huyo hakuwepo. Mashirika kadhaa, Emirates wakiwemo, yalifuta baadhi ya safari za kwenda Marekani wiki hiyo. Suluhisho lilikuwa kupunguza nguvu ya minara karibu na viwanja na kubadilisha vichujio au altimita zenyewe. Ulaya hawakupata msukosuko huo kwa sababu 5G yao ya eneo hilo inaishia 3.8, mbali zaidi.

Hofu ya watu wa anga kuhusu altimita haikuwa ya kubuni. Tarehe 25 Februari 2009 Boeing 737 ya Turkish Airlines ilianguka karibu na Amsterdam na kuua watu 9, baada ya altimita moja mbovu kuonyesha ndege iko futi 8 chini ya ardhi wakati bado iko hewani. Mfumo wa injini uliamini umeshatua, ukapunguza nguvu, na marubani hawakuliona hilo mapema. Chanzo hakikuwa simu. Lakini ndivyo namba moja ya uongo inavyoweza kufika mpaka kwenye injini.

Sasa kindege cha Mafia. Safari nyingi za visiwani na mbugani kwetu zinaruka na ndege kama Cessna Caravan: injini moja, mara nyingi rubani mmoja, abiria wako nyuma ya mgongo wake, na wakati mwingine mmoja anakaa kiti cha pembeni yake. Umbali wa mita kumi niliokuwa ninautegemea hapo juu haupo. Simu ya abiria wa mbele inaweza kuwa sentimita chache kutoka kwenye nyaya za vyombo, yaani kwenye hali ile ile ya majaribio ya Uingereza. Tena ndege inaruka chini, simu zinasoma mtandao karibu njia nzima, kila ujumbe unaoingia unaifanya simu ijibu.

Kitu cha kwanza rubani atakachokipata ni mkwaruzo masikioni. Simu ikitumia 2G hutuma kwa mapigo 217 kila sekunde, na nyaya za vifaa vya masikioni huyaokota yakawa sauti: ile tri-ti-tit unayoisikia kwenye spika simu ikiwa karibu kuita. Ukiwa nyumbani ni kero ndogo. Rubani aliye peke yake, anayepewa na mwongoza ndege urefu mpya wa kushuka, namba moja ikifunikwa na mkwaruzo huo, ana tatizo la kweli. Anaweza kuomba arudiwe, ndiyo, kama ametambua kwamba hakusikia. Cha pili ni dira. Spika ya simu ina sumaku, na simu ikiwekwa juu ya dashibodi karibu na dira ya akiba inaipindisha hata ikiwa imezimwa. Rubani yule alikuwa na haki kamili, na kisheria yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho ndani ya ndege yake. Ningekuwa kiti cha pembeni ningeizima na kuiweka mfukoni, nisingeiacha mbele ya kioo kupiga picha za bahari.

Kuna usumbufu mwingine ambao hauhitaji wimbi lolote. Mwezi Mei 2010 Airbus A321 ya Jetstar ilikuwa inakaribia kutua Singapore. Simu ya nahodha ilianza kupokea ujumbe, akawa anajaribu kuifungua aizime. Msaidizi wake akamwita asipate jibu. Magurudumu hayakuteremshwa kwa wakati, na ndege ikalazimika kunyanyuka tena ikiwa chini ya futi 400. Mitambo yote ilikuwa salama. Kilichovurugika ni akili ya mtu. Kwa abiria ni vivyo hivyo. Wakati wa kupaa na kutua mhudumu anataka macho na masikio yenu, kwa sababu ikibidi kutoka haraka, aliyeziba masikio ndiye atakayeziba njia.

Umeuliza mbona hawazikusanyi mlangoni. Kwa ndege kubwa hakuna haja hiyo, simu chache zilizosahaulika zinavumilika. Zaidi ya hapo, kuzikusanya kungeleta hatari kubwa kuliko ile inayokwepwa. Betri ya lithiamu iliyopata hitilafu huwaka yenyewe, moto wake huwasha betri ya jirani, na hauzimiki kwa urahisi. Mamia ya simu kwenye sanduku moja, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona moshi, ndicho kitu ambacho watu wa usalama hawakitaki kabisa. Ndiyo maana betri za akiba na pawabenki zinakatazwa kwenye mizigo ya chini na zinatakiwa ziwe nawe kabini. Ukiniuliza mimi kitu gani cha abiria kinaninyima raha leo, nitataja pawabenki isiyojulikana ilikotoka kabla ya simu iliyo hewani. Emirates walikataza kuzitumia ndani ya ndege zao kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, kwa hiyo ukienda Dubai nao usiichomeke. Na unayobeba iwe moja, isizidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi), yenye maandishi ya uwezo wake. Simu ikiteleza ndani ya mitambo ya kiti, usisogeze kiti kuitafuta, maana ikibanwa betri inaweza kupasuka. Mwite mhudumu.

Mwisho, ramani. Unaruhusiwa, na simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni GPS yake inaendelea kufanya kazi kwenye simu nyingi za sasa, kwa sababu inasikiliza satelaiti tu na si sehemu ya redio ya mtandao iliyozimwa. Ila bila data ramani yenyewe haitafunguka, kwa hiyo pakua eneo la Mwanza hadi Dar ukiwa bado chini. Kaa dirishani, shikilia simu karibu na kioo, na uipe dakika chache, maana bati la ndege linaziba satelaiti nyingi. Ikishika, itakuonyesha hata mwendo. Ndege ikienda moja kwa moja, karibu na Kondoa utakuwa umefika nusu ya safari.